Tunabishana juu ya kumi, na ile tisini je?

Januari hii dada yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, mwalimu wa praimari upande wa Tororo, alinitumia voisi ya dakika nne. Dakika tatu zote salamu na habari za watu wa nyumbani, mzigo ulikuwa kwenye ile ya nne: kanisani kwao wametangaza mshahara wa Januari ni malimbuko, yaani wote, usibakishe, na shule zinakaribia kufungua na yeye ana watoto watatu wa kulipia. "Kaka, nikitoa watoto watakaa nyumbani, nisipotoa nitaambiwa nimemwibia Mungu. Nishike lipi?"

Nikafanya kosa la kulipeleka swali kwenye grupu ya familia. Aisee. Mpaka saa nne usiku simu inalia tu. Mjomba ambaye ni Mkatoliki wa tangu babu akasema kwao mambo ya asilimia hayapo, mtu anatoa alichojaliwa. Binamu mlokole akamjibu kwa mistari ya Malaki, yote, herufi kubwa tupu. Mwingine akaja na ile ya zaka ni Agano la Kale iliishia msalabani, mwingine anauliza inatolewa kabla ya kodi kukatwa au baada. Na shemeji yetu Mwislamu, tulishasahau kama yumo humo, akauliza kwa upole: kwani zaka si mbili na nusu?

Hapo nikaona shida iko wapi. Maneno tunatumia yale yale lakini kila mmoja anamaanisha kitu chake, sasa mtabishana mpaka asubuhi na hakuna atakayeshinda. Tuyapange kwanza.

Maneno yenyewe

Zaka na fungu la kumi ni kitu kimoja, Biblia yetu ya Kiswahili inatumia yote mawili, Waganda wanasema ekimu eky'ekkumi. Ukivuna magunia kumi, moja ndiyo zaka. Na shemeji hakukosea, kwa Waislamu zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango fulani na ikakaa mwaka mzima, neno limetoka Kiarabu likaingia kwetu sote lakini kila nyumba ina hesabu yake.

Sadaka, au matoleo, ni kile unatoa kwa hiari yako kikapu kinapopita, hakuna kipimo. Ahadi ni ile unanyanyua mkono siku ya harambee ya jengo halafu wanakufuata na daftari.

Malimbuko ni mazao ya kwanza ya msimu. Walawi 23 inawaambia Waisraeli wamletee kuhani "mganda wa malimbuko", na hapa Uganda huo mstari una kesi yake, sisi kwenye sande skuli tulicheka mpaka tukatolewa nje maana tulidhani kuhani anapelekewa Mganda, mtu mzima kutoka Masaka. Mganda ni masuke yamefungwa pamoja, kitu unabeba kwa mkono mmoja. Kumbukumbu la Torati 26 yenyewe inasema kikapu. Shika hapo, kikapu, tutarudi.

Halafu kuna uwakili, na hili ndilo neno limepotea kabisa. Ukisema wakili leo watu wanawaza mtu wa suti kortini. Lakini wakili wa kwenye Biblia, yule wa Luka 12 na Luka 16, hana kesi yoyote, ni mtu aliyeachiwa mali ya mwingine aisimamie. Ukitaka picha ya hapa kwetu, Buganda waziri wa fedha wa Kabaka, mfalme wao, anaitwa Omuwanika, mtunza hazina. Hazina si yake. Anaitunza, anaitoa inapotakiwa, na siku akiitwa anatoa hesabu.

Sasa ngoja nikuonyeshe kwa nini hilo neno linabadilisha mjadala wote.

Mchukue kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya bosi. Mapatano, tuseme, kila jioni anapeleka elfu kumi. Akishapeleka elfu kumi bosi hana swali, kinachobaki ni cha kijana, akinywe, akile, akinunue viatu, hakuna wa kumuuliza. Wengi wetu hivyo ndivyo tunavyomchukulia Mungu. Yeye ni bosi wa pikipiki, kumi ni hela yake ya jioni, nikishampelekea tusisumbuane.

Sasa mfikirie binti uliyemwachia duka la nafaka sokoni. Droo yote ni yako. Anatoa hapo hela ya kununua stoku, anamlipa mbeba mizigo, anakula chakula cha mchana, wewe mwenyewe umemwambia ale, na mshahara wake unatoka humo humo. Lakini jioni hawezi kukuambia "bosi hii hapa elfu kumi, nyingine usiniulize". Utamuuliza kila shilingi, na si kwa ubaya, ndiyo kazi yenyewe.

Huyo binti ndiye wakili. Zaburi 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, haikusema moja ya kumi yake. Kwa hiyo Mkristo anayetoa kumi kila mwezi bila kukosa halafu tisini anaimalizia kwenye kubeti, au anamlipa mfanyakazi wa ndani elfu hamsini na kumcheleweshea miezi miwili, amepeleka hela ya pikipiki tu, hesabu ya duka bado anadaiwa. Na yule asiyefika kumi lakini anamuuguza mama yake na anawalipa watu kwa wakati, tunamtangazia laana kwa haraka sana. Hiyo ni maoni yangu na nimeshagombana na watu kwa ajili yake.

Kumi yenyewe ilitoka wapi

Kabla ya Musa tayari ipo. Mwanzo 14 Abramu anampa Melkizedeki fungu la kumi la nyara za vita, Mwanzo 28 Yakobo anaahidi kumi kama Mungu atamtunza njiani. Kwenye sheria ya Musa ndipo inapata utaratibu, na hapa ndipo wahubiri wengi wanapita kama basi la usiku, hawasimami.

Kabila la Lawi halikupewa ardhi. Makabila mengine yana mashamba, Walawi kazi yao hema ya ibada, sasa watakula nini? Hesabu 18 ndiyo jibu, zaka ya wenzao ndiyo shamba lao. Na wenyewe Walawi wakishapokea wanatoa kumi ya ile kumi kwa makuhani. Hata anayepokea zaka anatoa zaka, hiyo sentensi isome mara mbili.

Lakini ukienda Kumbukumbu la Torati 14 unakuta zaka nyingine ya ajabu, hiyo mwenyewe unaila! Unabeba fungu lako, unaenda na familia mahali pa ibada, mnakula mbele za Bwana na kufurahi. Kama ni mbali unauza mazao, unafunga pesa mkononi, ukifika unanunua chochote roho yako inatamani, ng'ombe, kondoo, divai, ndiyo, imeandikwa. Na usimsahau Mlawi wa mjini kwako. Halafu kila mwaka wa tatu zaka inawekwa pale pale mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, waje wale washibe. Wasomaji wengine wanazihesabu hizi kuwa zaka mbili au tatu tofauti, wengine wanasema ni moja yenye matumizi yanayobadilika, hiyo waachie wao. Kinachoonekana wazi ni kwamba zaka ilikuwa na midomo mingi ya kulisha: watumishi, sherehe ya familia, maskini. Leo mdomo mmoja unameza yote halafu maskini wanatafutiwa harambee.

Na Malaki 3 je? Ile ya "mwanadamu atamwibia Mungu" na "leteni zaka kamili ghalani"? Ni kweli imeandikwa, siwezi kuifuta. Ila isome na jirani zake. Nehemia 13 inaonyesha hali yenyewe ilivyokuwa nyakati hizo: Walawi hawakupewa mafungu yao wakakimbilia mashambani kwao, ghala tupu, ibada imesimama. Na Malaki huyo huyo, mlango wa kwanza, anaanza kwa kuwachapa makuhani wanaopeleka madhabahuni mnyama kipofu na kilema. Kwa hiyo kitabu kinachowauliza waumini zaka iko wapi kimeanza kwa kuwauliza viongozi wanafanya nini na kile wanachopewa. Sijawahi kusikia mahubiri ya Malaki 1 siku ya kukusanya zaka. Labda nahudhuria makanisa mabaya.

Agano Jipya, Yesu anaitaja zaka kwenye Mathayo 23, Mafarisayo wanatoa zaka ya mnanaa na bizari na jira, majani ya kuungia mchuzi jamani, wanayahesabu moja moja, halafu adili na rehema wameacha. Anasema mlipaswa kufanya haya bila kuacha yale mengine. Ukipenda zaka utashika "bila kuacha", usiyeipenda utashika "adili", mstari ni mmoja. Paulo yeye akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hataji kumi hata mara moja. 1 Wakorintho 16 anasema kila siku ya kwanza ya juma mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. 2 Wakorintho 9: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima."

Ndiyo maana makanisa yanatofautiana na wote wana Biblia. Wasabato wanashika kumi kwa nguvu, na kwao zaka haikai kanisani pale ulipoitoa, inapanda juu kwenye konferensi kulipa wachungaji, jengo la hapo hapo linajengwa kwa matoleo mengine. Wapentekoste wengi wanahubiri kumi kama kiwango cha chini. Mjomba wangu naye yuko sawa, Kanisa Katoliki linamwagiza muumini asaidie mahitaji ya Kanisa kadiri anavyoweza, sheria yake haikuweka asilimia. Waanglikana wako katikati, inategemea revaranda. Mimi kumi naiona kama fimbo ya mzee, inakusaidia usimame wima, ila haikuambii uende wapi.

Ile ya kukatwa kwenye mshahara

Mwaka 2019 Askofu Mkuu wa Kampala, marehemu Cyprian Kizito Lwanga, alitoa wazo kwamba serikali iwe inakata zaka za Wakatoliki moja kwa moja kwenye mshahara, akatolea mfano Ujerumani. Nchi ikachemka. Mpaka leo bado nasikia watu wanasema "Ujerumani wanakatwa asilimia kumi".

Sivyo. Kodi ya kanisa ya Ujerumani ni asilimia 8 au 9, inategemea jimbo, lakini si ya mshahara, ni ya kodi ya mapato unayolipa. Piga hesabu kwa shilingi zetu: unapata milioni moja, tuseme kodi yako ya mapato ni laki mbili, basi kanisa linapata asilimia 9 ya hizo laki mbili, yaani 18,000. Si laki moja. Na wanalipa walioandikishwa tu, asiyetaka anaenda ofisi ya serikali anajitoa uanachama, na kweli wengi wanajitoa. Kwa hiyo mfano wenyewe haukuwa zaka, ulikuwa kitu kingine. Halafu kuna ule mstari wa "wala si kwa lazima", sijui ungeuweka wapi kwenye peisilipu.

Kabla au baada ya makato? Biblia haijui kodi ya mshahara wala NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Kama umeajiriwa unakatwa asilimia 5 ya NSSF na mwajiri anaongeza 10, hiyo hela ni yako ila hujaishika, wengine wanaitolea sasa, wengine watatoa siku wakilipwa, wote wako sawa, isiwe tu unaitolea mara mbili kwa woga au hauitolei kamwe kwa ujanja.

Kinachoniuma ni wafanyabiashara wadogo, maana hapa watu wameumia kweli. Mama ananunua kreti la nyanya kwa 150,000, anauza lote 190,000, usafiri na ushuru wa soko 10,000. Jumapili anasikia "kumi ya yote uliyoshika" anatoa 19,000. Faida yake ilikuwa 30,000, amebaki na 11,000, na watoto wanakula wiki nzima, kwa hiyo wiki ijayo ananunua nyanya kwa 130,000, ile nyingine ya 110,000, baada ya miezi miwili meza iko tupu na watu wanasema ana pepo la umaskini. Kumbukumbu la Torati 14 inasema zaka ni ya maongeo ya mbegu, kilichoongezeka. Kilichoongezeka kwake ni 30,000, zaka ni 3,000. Hana pepo yoyote, amepigiwa hesabu vibaya.

Panda mbegu uvune

Hii imeenea sana, redioni, kwenye mikutano ya usiku, mpaka kwenye simu, tuma mbegu ya elfu hamsini kwa namba hii, gari lako liko njiani. Mstari upo, 2 Wakorintho 9, apandaye haba atavuna haba. Ila endelea mistari miwili tu mbele: mnapewa riziki za kutosha ili "mpate kuzidi sana katika kila tendo jema". Mavuno yenyewe ni uwezo wa kutoa zaidi. Na waliosifiwa kwenye hiyo barua, watu wa Makedonia, mlango wa 8 unasema walitoa wakiwa kwenye umaskini mwingi. Hakuna mahali Paulo anasema baadaye walipata magari, au tuseme farasi.

Mwenzake ni hadithi ya mjane, na hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa kwenye ibada moja ya mavuno hapa upande wa Busia, kanisa la mabati, jua la saa sita. Baada ya komunyo kukawa na mnada wa matoleo kama kawaida yetu. Mkungu wa matoke, kuku amefungwa miguu, fenesi kubwa ambalo lilinunuliwa elfu kumi na tano likarudishwa "liuzwe tena", likauzwa mara tatu na hakuna aliyelila siku hiyo. Halafu likaja jani la mgomba limekunjwa, ndani mayai mawili. Mheshimiwa mmoja aliyekuwa anatafuta kura akayachukua kwa elfu ishirini, makofi, vigelegele, jina lake likatajwa kwenye spika mara nne. Aliyeleta mayai alikuwa jaja mmoja, bibi mzee, kwenye benchi la nyuma, alikuwa anajaribu kulikunja lile jani upya maana jani zuri halitupwi.

Senti mbili za mjane wa Marko 12, kwa hesabu ya pesa za Kirumi zilikuwa sehemu moja ya 64 ya dinari, na dinari ni ujira wa kibarua wa siku moja. Kibarua wa shambani akilipwa elfu kumi, sehemu ya 64 ni kama shilingi 156. Haifiki hata sarafu ya mia mbili. Na Yesu anasema huyo ametoa kuliko wote. Hubiri linaishia hapo, kikapu kinapita. Lakini panda juu mistari michache tu, kabla mjane hajatokea, Yesu anaonya juu ya waandishi wanaopenda viti vya mbele na "hula nyumba za wajane". Halafu ndipo anakaa kuelekea sanduku la hazina. Mwenye kusoma ajiulize kama hadithi hii ni ya kumsifu mjane tu, au pia ni ya kuwatazama waliomfikisha kubaki na senti mbili.

Mwenye kikapu naye ni wakili

Hapa ndipo wengine watanichukia. Tukisema uwakili tunamwambia muumini tu, kumbe neno linambana zaidi anayepokea. Makanisa yetu makubwa si maskini jamani. Mapatano ya Buganda na Waingereza ya 1900 yalizipa misheni tatu maili za mraba 92 za ardhi, na hapo ni Buganda tu. Ardhi hiyo, majengo, shule, ni talanta zile zile za Mathayo 25.

Mimi nilishawahi kumsaidia mweka hazina wa kanisa moja, silitaji, kwa miaka miwili. Tulikusanya hela ya mabati, na tangu ile stori ya mabati ya Karamoja ya 2023, mawaziri walipodaiwa kujigawia mabati ya maskini, ukisema mabati mbele ya watu wa Uganda wanacheka kwanza. Kila Jumapili nilikuwa naandika kwenye daftari la kurasa 96, peni ya bluu kwa matoleo, nyekundu kwa mabati. Siku moja nikauliza mbona nyekundu imefika milioni sita na dukani tumenunua mabati ya milioni mbili na nusu. Niliambiwa "usiguse masihi wa Bwana". Daftari likabadilishwa mtu. Hakuna aliyethibitika kuiba, labda hela ilienda kwa mgonjwa, labda ilienda kwenye mafuta ya gari, ndiyo shida yenyewe, hakuna aliyejua na kuuliza kulikuwa dhambi.

Paulo mwenyewe hakukubali kubeba mchango peke yake. 2 Wakorintho 8 anasema ametuma ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa waende pamoja, ili mtu asiwalaumu juu ya karama hiyo, kwa kuwa wanatunza mambo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume anaomba mashahidi! Tangu makanisa yalipofungwa Machi 2020 na sadaka zikahamia kwenye momo, yaani pesa za simu, jambo hili limekuwa rahisi kuliangalia: kabla hujaweka PIN simu inakuonyesha jina. Likija jina la kanisa, sawa. Likija jina la mke wa pasta, uliza, kwa heshima, lakini uliza.

Na pia ukarimu haukuanza na kikapu. Waganda wana munno mukabi, vikundi vya rafiki wa kwenye shida, mtu akifiwa sufuria, viti na hela vinatoka bila mtu kuhubiriwa. Kigezi wana vikundi vya engozi, machela, vilianza kwa kubeba mgonjwa mlima na bonde mpaka hospitali. Bibi zetu walitoa kabla ya shilingi, kwani neno la Kiganda la pesa, ensimbi, ni kauri zile zile za zamani. Nashangaa tunapowaambia watu hawa hawa hawajui kutoa.

Sasa dada

Nilimpigia, voisi haitoshi. Nikamwambia malimbuko ni mganda na kikapu, si shamba lote, Mwisraeli alipeleka cha kwanza akarudi kuvuna kilichobaki na kulisha nyumba yake. Nikamsomea 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza walio wake ameikana imani, na Marko 7, pale watu walipowanyima wazazi wao msaada wakisema hii mali ni korbani, wakfu kwa Mungu, na Yesu akawakasirikia. Ada ya mtoto nayo ni hela ya Mungu imetumika vizuri. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nisitoe?" Sikusema hivyo, nikamwambia, kaa na mzee wako mezani, andikeni mshahara wote, wote si kumi tu, ada, chakula, deni la sako, kile chama cha akiba na mikopo, mama, kanisa, muone mnaweza nini kwa moyo mkunjufu.

Walikaa. Wakaamua watatoa elfu themanini Januari, na ada ikalipwa kwa mafungu mawili. Ila dada yangu akikolea hakoleki nusu, Jumapili alimfuata pasta baada ya ibada akamwomba aone hesabu ya malimbuko ya mwaka jana, yaliingia kiasi gani na yalifanya nini. Anasema pasta alimtazama, akavua miwani akaipangusa, akamwambia njoo Alhamisi mweka hazina atakuwepo.

Leo Jumanne. Amenitumia voisi nyingine, hii ni ya sekunde kumi tu, anauliza aende na daftari lake au watakuwa na la kwao.